Upande wa Pili wa Mfinyanzi Kipofu

Mimi niliolewa kwa sababu ya upande wa pili wa santuri. Watu wakiniuliza nilimpendea nini Neville, nawaambia hivyo hivyo, nao hucheka wakidhani natania. Sitanii. Santuri yenyewe inaitwa Mfinyanzi Kipofu, ya tatu ya bendi ya Thornmill, na upande wake wa pili una wimbo mmoja tu, unaoanza sindano inapogusa na kwisha sindano inapojiinua. Kama huipendi roki ya namna hiyo, yenye vinanda na filimbi na mdundo ambao mguu haujui uufuate vipi, utaona ni mateso. Hapa Leek, mji wetu mdogo wa Uingereza, wengi waliona ni mateso.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nafanya zamu ya jioni kwenye kiwanda cha kutia nyuzi rangi, na baba yangu alikuwa amefariki majira yale ya baridi. Baba alikuwa na kawaida moja: halali mpaka nirudi. Nikikata kona ya mtaa wetu naiona taa ya sebuleni inawaka, naye yuko kitini na gazeti analojifanya kulisoma. Alipokufa, nikawa nakata kona nakuta giza, maana mama alikuwa akimeza vidonge vyake na kulala mapema. Ndipo nikainunua Mfinyanzi Kipofu. Karibu na mwisho wa upande wa pili kuna mahali ambapo vyombo vyote vinanyamaza, kinanda kinabaki kimeshikilia sauti moja ya chini, kisha filimbi inarudi na ule wimbo wa mwanzo, polepole. Pale nililia mpaka mto ukalowa. Sikuwa na maneno ya kumweleza mtu nilichokisikia.

Nikawa namuuliza kila kijana aliyejisogeza: filimbi inaporudi, wewe unasikia nini? Mmoja akasema hapo yeye huwa yuko chooni. Mwingine akasema anasikia njaa. Halafu Neville Heath, mrefu, nywele mpaka mabegani, akanijibu tukiwa kwenye ngazi za sinema: "Ni kama mtu aliyetembea kwenye mvua siku nzima, akakata kona, akaona taa ya kwao inawaka. Kuna mtu hajalala, anamngoja."

Sikuwa nimemwambia habari za baba. Nilimshika mkono pale pale, na Krismasi ilipofika tulikuwa mke na mume. Mpambe wake siku ya harusi alikuwa rafiki yake Roland Tunnicliffe, kijana mkimya ambaye nyumba yao ilitazamana na ya wazazi wangu.

Thornmill ilivunjika zamani, lakini sisi mashabiki hatukuvunjika. Kila mwaka mwezi wa Novemba, Jumamosi moja mchana, tunakutana ghorofani kwenye baa iliyo karibu na soko na kubishana: santuri ipi ya Thornmill ni bora kuliko zote? Jalada la santuri inayoshinda linatundikwa juu ya kaunta mwaka mzima. Mwenyekiti wetu ni Bernard, tarishi mstaafu, mtu wa sheria. Sheria zake ni hizi: anayesimama kutetea santuri aje na yake mwenyewe, aliyoinunua enzi hizo, awe ameisikiliza hiyo hiyo asubuhi ya siku ile, pande zote mbili, na kabla hajafungua mdomo aweke mkono juu ya jalada na kuapa. Akishamaliza kusema, anachagua kipande kimoja kipigwe mbele ya wote, kisha kura zinapigwa kwa kunyoosha mikono. Usicheke. Wapo watu wazima waliowahi kurudi nyumbani wakilia kwa sababu Bernard aliwakatalia kusema, eti waliruka wimbo mmoja.

Mimi ndiye mtetezi wa Mfinyanzi Kipofu. Roland anatetea Kengele Saba, ile ya pili, na ana ulimi, maana ukimya wake wa ujanani uliishia palepale kwenye meza ya mjadala. Miaka mitatu mfululizo Kengele Saba imening'inia juu ya kaunta na kunikodolea macho nikinunua bia.

Mwaka huu nikashikwa na kifua, sauti ikapotea kabisa, ikabaki kama kufuli lenye kutu. Nilikuwa nimekwisha kukata tamaa Neville aliposema, "Usijali, mke wangu. Nitasimama mimi."

Miaka yote hiyo Neville hajawahi kusimama. Kazi yake ilikuwa kukaa pembeni yangu akishika makoti, akitikisa kichwa mahali panapofaa. Nilifurahi mno. Akapanda kiti akashusha santuri yake kutoka juu ya kabati, ndani ya mfuko wake wa plastiki. Nyumbani siku zote tulipiga ya kwangu. "Hii yangu tuitunze," alikuwa akisema, na mimi nilidhani anaitunza kwa mapenzi, kama watu wanavyotunza nguo ya harusi.

Asubuhi ya Jumamosi akajifungia sebuleni. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga chapati za oti na jibini, nikisikia upande wa kwanza kupitia ukutani. Kisha kukawa kimya. Nikajua amevaa spika za masikioni asinisumbue na kifua changu. Nikasema moyoni, mume ninaye.

Roland alisimama wa kwanza. Mvi zake alikuwa amezichana vizuri, na mkono aliuweka juu ya jalada la Kengele Saba kama shahidi mahakamani. Akaapa, akaanza.

"Jamani, mimi sina ugomvi na mfinyanzi. Ni kipofu, tumwonee huruma. Lakini ule upande wa pili! Mtu unaweza kutoka, ukanyolewa nywele, ukapitia duka la chipsi, ukarudi, ukamkuta mpiga kinanda bado anatafuta miwani yake."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Kelvin, fundi bomba, ambaye kila mwaka anatetea santuri ya tano na kila mwaka anapata kura yake mwenyewe, akapiga meza.

"Na akiipata miwani," Kelvin akadakia, "anagundua kumbe yeye ndiye kipofu!"

"Wewe nyamaza, santuri yako ya tano hata mama zao hawakuinunua," nikamwambia kwa mkoromo uliokuwa umenibaki.

"Shemeji, tunza koo," Roland akasema. Ananiita shemeji tangu siku ya harusi.

Akamaliza, tukasikiliza kipande chake, kizuri, sikatai. Kisha Neville akasimama. Mkono juu ya jalada, uso mkunjufu. "Naapa nimeisikiliza santuri hii leo asubuhi, pande zote, bila kuruka."

Alisema vizuri, jamani. Alisema maneno yangu ninayoyasema kila mwaka, lakini kwa sauti yake nzito yakawa mapya. Alipofika kwenye filimbi akateremsha sauti. "Ni kama mtu aliyetembea kwenye mvua siku nzima," akasema, "akakata kona, akaona taa ya kwao inawaka." Akanitazama mimi. Kelvin aliacha mkono ndani ya pakiti ya viazi vya kukaanga. Nilitafuta kitambaa kwenye mfuko wa koti, nikajua mwaka huu Roland amekwisha.

"Kipande?" Bernard akauliza.

"Filimbi inaporudi," Neville akajibu bila wasiwasi wowote.

Bernard akaitoa santuri kwenye jalada. Ilikuwa inang'aa, haina hata mkwaruzo. Akaisoma lebo, Upande wa Pili, akaiweka, akaishusha sindano karibu na mwisho kwa vidole vile vya kuchambua barua.

Mlio wa fidla. Kisha sauti ya bwana mmoja mwenye adabu nyingi: "Na sasa waungwana, washikeni wenzenu kiunoni. Mguu wa kushoto mbele. Moja, mbili, tatu. Moja, mbili, tatu. Bibi usitazame miguu yako."

Tukatazamana.

"Nyamazeni," Kelvin akanong'ona, "huenda ni kile kipande cha siri."

Hao ndio watu wangu. Kwa muda wa pumzi chache chumba kizima kilikaa kimya, watu wazima wenye wajukuu, wakimsikiliza mwalimu wa dansi na kungoja Thornmill waingie. Bernard akairudisha sindano mwanzoni kabisa. Mwalimu yule yule alikuwa anatukaribisha kwenye somo la kwanza, na kutushauri tuondoe zulia sakafuni.

Ndipo chumba kikalipuka. Wakaruka vitini. Kiwandani, enzi zile, mtu alikosea akachanganya vyuma vya kuchapia santuri: upande wa kwanza Thornmill, upande wa pili somo la dansi, lebo sawa, jalada sawa. Kwa shabiki wa santuri, hiyo ni sawa na kuokota almasi. Wakamzunguka Neville wakimpigapiga mgongoni.

"Neville, mzee, umekaa na hii juu ya kabati miaka yote!"

"Hakuna nyingine duniani, naapa!"

"Hatimaye Thornmill wamepiga mdundo wa kuhesabika," Kelvin alisema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Moja, mbili, tatu! Kura yangu wachukue!"

Neville naye alikuwa anacheka. Alicheka kwa kelele kuliko wote. Akanitafuta kwa macho nicheke naye.

Mimi sikuwa nacheka. Nilikuwa nimekaa na makoti mapajani, nawaza jambo moja tu. Alikuwa hajui. Mtu anayejua kilichomo kwenye santuri yake hawezi kuileta mbele ya watu na kusema pigeni pale filimbi inaporudi. Aliinunua wiki ile ile kabla ya ngazi za sinema, mwenyewe aliniambia, alinionyesha hata risiti kwa majivuno. Na upande wa pili hakuwahi kuugeuza. Si ule mwaka, si asubuhi ile, wala siku yoyote katikati.

Nikasimama. Nilikuwa na mnong'ono tu, lakini mwanamke pekee chumbani akisimama na uso kama ule, kelele huisha zenyewe.

"Neville. Pale kwenye ngazi za sinema, ulisikia nini?"

Kicheko kikamkauka usoni. "Lorna, mpenzi, haya tutaongea nyumbani."

"Nimekuuliza swali."

"Leo nilivivia, nakiri. Nilisikiliza upande mmoja nikaona inatosha, naujua ule wa pili. Bernard, nitoze faini. Lakini enzi zile... enzi zile nilisikiliza ya Roland. Kwa kina Roland. Si ndiyo, Roland?"

Roland alikuwa bado kitini, bia yake hajaigusa. Bernard ni mtu wa sheria, na nadhani hakujua anachokifanya. Alilichukua jalada la Mfinyanzi Kipofu akaliweka mbele ya Roland mezani.

"Shahidi huapa," akasema.

Nilimwona Roland akiutazama mkono wake mwenyewe kama si wake. Angeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, tungekunywa, tungecheka, na mimi ningerudi nyumbani na mume wangu. Hata leo sijui kama ningependa alitamke. Akaweka mkono juu ya jalada.

"Kwetu hakuja kusikiliza," akasema. "Alikuja kuniuliza. Aliniambia, yule binti wa ng'ambo ya barabara ana swali lake kuhusu filimbi, nami santuri ile imenishinda, nalala kabla upande wa kwanza haujaisha. Nimwambie nini? Nikamwambia."

"Ukamwambia nini?" Nilikuwa najua. Nilitaka alitamke.

"Habari za mvua. Na kona. Na taa."

"Taa gani, Roland?"

"Taa ya baba yako, Lorna." Hakuniita shemeji. "Chumba changu kilikuwa mbele, naiona kila siku, naona unavyokata kona ukaanza kutembea haraka. Halafu akafa, nikawa naona unavyokata kona ukasimama."

Hapo hata Kelvin alitazama chini.

Sasa wapo watakaosema, basi Lorna, ndiye huyo, mtu wako wa kweli alikuwa ng'ambo ya barabara. Waseme wao. Mimi niliwatazama wote wawili nikaona wezi wawili. Mmoja alichungulia dirishani akachukua kitu changu, mwingine akaja kunipa kitu hicho hicho kama zawadi. Na huyo mchunguliaji alisimama kanisani amevaa ua kifuani, akashika pete, akanyamaza.

"Na miaka yote hii," nikamwambia, "unakaa upande ule wa meza unaitukana santuri yangu."

"Ningeitetea kwa maneno gani? Sina mengine. Ningesema yale yale, na wewe ungeyatambua."

"Ungeyasema! Ungeyasema hata siku moja! Mliketi kwangu Krismasi ngapi, nyinyi wawili, mnakula bata mzinga wangu, mnatazamana?"

"Lorna, yalikuwa maneno tu," Neville akasema. Alikuwa amekaa, makoti hayapo tena ya kushika, mikono haijui iende wapi. "Tumeishi maisha mazima. Watoto, nyumba. Nimekuuguza, umeniuguza. Hiyo yote kumbe si kitu, kwa sababu ya kipande cha filimbi?"

Na angalau hilo alilisema kweli, ametunza nyumba, hajanipiga, hajanywea mshahara. Lakini mimi sikumchagua kwa hayo. Wenye hayo walikuwa wengi kiwandani. Nilimchagua kwa sababu nilidhani duniani kuna mtu mmoja aliyekaa peke yake chumbani akasikia nilichokisikia. Na kila tulipoipiga ile santuri sebuleni kwetu, yeye kafumba macho, mimi namshika mkono nikisema moyoni tuko wawili humu, kumbe yeye alikuwa amelala. Usingizi wa kweli, wa kukoroma. Nilijiambia ni pumzi ya mtu aliyezama.

"Ulikuwa unalala," nikamwambia.

"Mara nyingine," akasema kwa sauti ndogo.

Bernard akakohoa. Akasema, kwa heshima sana, kwamba kwa mujibu wa sheria kiapo kikiwa cha uongo santuri inaondolewa kwenye mjadala wa mwaka huo, hivyo Mfinyanzi Kipofu imeondolewa, na kwamba anasikitika. Sikumchukia. Katika chumba kile ndiye pekee aliyekuwa akifanya alichosema anafanya. Nikachukua koti langu, nikamwachia Neville lake juu ya kiti, nikashuka ngazi. Nyuma yangu nikamsikia mtu akiuliza pole pole kama wanaweza kukisikia tena kile kipande cha dansi.

Nilitembea mpaka nyumbani kwenye manyunyu. Novemba huku giza linaingia mapema, wakati wa chai ya alasiri taa za barabarani zimekwisha kuwaka. Nikaingia, nikawasha taa ya sebuleni, nikaitoa Mfinyanzi Kipofu yangu, yenye mikwaruzo na doa la kahawa kwenye jalada, nikaupiga upande wa pili kuanzia mwanzo. Nilisema moyoni: watu ni waongo, lakini hii ni yangu. Hii niliisikia kabla yao. Kabla ya ngazi za sinema mimi nilikuwa nimekwisha kulia.

Vyombo vikanyamaza. Kinanda kikashika ile sauti ya chini. Filimbi ikarudi.

Na mimi nikaona mvua, nikaona kona, nikaona taa. Nikairudisha sindano. Mvua, kona, taa. Nikairudisha tena, nikafumba macho nikajilazimisha, nikamtafuta yule msichana wa miaka kumi na tisa aliyelowesha mto, nimuulize yeye alisikia nini pale, yeye mwenyewe, kabla hajaambiwa na mtu. Hakuwepo. Maneno yao yamekaa mahali pake muda mrefu mno. Niliita jina la baba kwa mnong'ono wangu ule, na hata yeye akaja akiwa kwenye sentensi ya Roland, kwa sauti ya Neville. Nililia basi, si kama zamani, nililia kwa hasira, meno yameumana.

Nikapangusa uso, nikasogeza pazia. Neville alikuwa anakata kona. Amelowa, hana mwavuli, santuri yake ameikumbatia chini ya koti isipate maji. Alipoona dirisha letu lina mwanga alisimama kidogo, kisha akaanza kutembea haraka.

Nikazima taa.